Mfasiri wa Ndege wa Chumvi

Mwaka ambao soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanukia saruji, Jumamosi moja saa nne asubuhi, dada mmoja alinunua karanga za thumuni mara sita mfululizo bila kutia hata punje moja kinywani. Gazeti la Serikali halikuliandika tukio hilo. Makuli walipita na magunia ya mchele, wachuuzi wakaita wateja, na nchi ikaendelea kujitegemea kama kawaida.

Dada huyo aliitwa Selina. Alikuwa mrefu, mwenye nywele zilizosukwa mistari minne iliyonyooka kama matuta ya shamba la kijiji cha mfano, na gauni la kitenge cha kijani lililofika chini ya magoti, kwa kuwa vijana wa Chama walikuwa na macho makali siku zile. Kazi yake ilikuwa opereta wa simu katika ofisi moja Mchafukoge. Jioni alifundisha kisomo cha watu wazima Mchikichini. Asubuhi hiyo mkoba wake ulikuwa umejaa karanga.

Bi Kijakazi, muuza karanga, alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu, una mimba?"

"Hapana, bibi."

"Basi una nini?"

"Naomba nyingine. Ile ya chini, yenye karatasi iliyochanika pembeni."

Siri ilikuwa kwenye karatasi. Bi Kijakazi alisokota karanga zake katika kurasa za kitabu kiitwacho *Ndege wa Chumvi*, kilichoandikwa katika nchi moja rafiki huko mashariki ya Ulaya, kikafasiriwa kwa Kiswahili na kuuzwa kwa bei ya bure. Karatasi yake ilikuwa nzito, haipitishi mafuta. Wauza karanga walikisifu kuliko wahakiki. Ndiyo maana madukani kilikuwa kimekwisha. Selina alikisoma akiwa shule ya bweni Songea, ambako nakala moja ilikatwa vipande vinane ili wasichana wanane wasome kwa mkupuo. Yeye alianzia kipande cha tano. Wiki mbili kabla ya kujua Yelka ni nani, alikwisha jua kwamba Yelka amepoteza sauti, na tangu siku hiyo alikipenda kitabu kile kama mtu anavyompenda ndugu aliyekutana naye ukubwani.

Aliponyoosha mkono kuchukua karanga ya saba, mkono mwingine ulifika kwanza.

"Bi mkubwa, shikamoo. Nipe hiyo, yenye ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Marahaba."

Mwenye mkono alikuwa kijana aliyevaa suruali ya bugaluu ya rangi ya kahawa, viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu ambao Mungu alimnyima, na shati lenye kola pana kiasi kwamba upepo ukivuma angeweza kupaa. Kitana kilikuwa kimechomekwa kwenye afro yake kama bendera kileleni. Jina lake Pantaleo, fundi redio wa Mtaa wa Sikukuu, mtu wa mizaha mingi na wateja wenye subira.

"Samahani, ndugu," Selina alisema. "Hiyo ni yangu."

"Umeilipia?"

"Nipo kwenye foleni."

"Foleni ya mtu mmoja?"

"Foleni ni foleni. Rudi nyuma yangu."

Pantaleo alirudi nyuma yake kwa heshima zote, akasimama mikono ubavuni kama mgambo. "Haya, nimepanga foleni. Ila nikwambie, dada, ukurasa huo ndio Yelka anampa ndege sauti yake. Nikiukosa leo nitaugua."

Selina aligeuka. Katika miaka mitatu ya kukaa Dar es Salaam hakuwa amekutana na mtu hata mmoja aliyelijua jina la Yelka.

"Umekisoma?"

"Mara nne. Na ya tano naisoma kwa mdomo wa karanga, kama unavyoniona."

Walikubaliana kama watu wazima. Pantaleo ale karanga, Selina asome. Wakakaa kwenye ngazi za soko, chini ya mapaa yale ya zege yaliyokunjuka kama miavuli, Selina akakunjua ukurasa na kuusoma kwa sauti. Alisoma jinsi binti wa mfumaji alivyoingia katika ziwa la chumvi hadi kiunoni, jinsi ndege mkubwa kuliko msikiti alivyoinua kichwa, ndege aliyekuwa bubu na kwa hiyo hakuweza kuita mvua. Akasoma jinsi Yelka alivyofungua kinywa, akampa sauti yake, na jinsi dunia ilivyonyamaza.

Alipofika mwisho alimwona Bi Kijakazi amesimama juu yao, ukurasa mwingine mkononi, umesokotwa nusu.

"Akampa sauti yake?" bibi aliuliza. "Yote?"

"Yote, bibi."

"Hata ya kuitia watoto?"

"Hata hiyo."

Bi Kijakazi aliutazama ukurasa uliokuwa mkononi mwake, alama nyeusi ambazo kwa miezi miwili alikuwa akizijaza karanga. Polepole akaukunjua, akaunyoosha juu ya paja lake kwa kiganja.

"Na humu kumeandikwa nini?"

Jumatatu iliyofuata aliandikishwa kisomo.

Jumatatu hiyo hiyo, saa tatu na dakika tano, simu ya ofisi ya Mchafukoge ililia.

"Ofisi ya Usambazaji, habari za asubuhi."

"Nzuri. Naomba Idara ya Ndege."

"Hatuna idara hiyo, ndugu."

"Basi nipe Idara ya Chumvi."

Selina aliitambua sauti, akawatazama makarani wawili waliokuwa wakimtazama, akakaza uso. "Idara hiyo iko kwenye mkutano. Nikuchukulie ujumbe?"

"Andika hivi. Mwananchi mmoja hajalala tangu Jumamosi."

"Nimeandika. Sababu?"

"Karanga."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoendeshwa, kupitia chombo cha umma, kwa lugha ya kiofisi. Pantaleo aliomba kuunganishwa na Kitengo cha Macho Mazuri, na Meneja wa Matembezi ya Jumapili. Selina alimjibu kwamba mstari una shughuli, kwamba maombi yake yamepokelewa na yatajadiliwa. Jumapili walitembea Mnazi Mmoja, wakanunua mua, wakabishana juu ya Miro, mchumba wa Yelka. Pantaleo alishikilia kwamba Miro ndiye shujaa wa kweli, maana aliishi miaka arobaini na mwanamke asiyesema akajifunza kumwelewa kwa mikono na macho.

"Wewe ungeweza?" Selina aliuliza. "Kuishi na mtu asiyesema?"

"Mimi nasema kwa watu wawili, dia. Tungetoshana."

Selina alicheka, lakini jibu hilo alilibeba nyumbani, akalifikiria.

Darasani Mchikichini, kitabu rasmi cha kisomo kilieleza kilimo cha pamba. Wanafunzi ishirini na wawili waliuza samaki, chapati, mkaa na vitumbua, wala hapakuwa na hata mmoja mwenye mche wa pamba. Selina alikuwa na kurasa zake za karanga, akazishona kwa uzi, na zilizokosekana akaziandika upya kutoka kichwani. Kufikia mwezi wa tatu kina mama walikuwa wanasoma *Ndege wa Chumvi* kwa vidole, silabi kwa silabi, wakigombana. Zamda, muuza samaki mwenye mikono kama makasia, alikuwa hodari kuliko wote. Siku moja aliacha kidole kwenye mstari, akasema hakuwa amewahi kujua kwamba kuna mtu, mbali huko kwenye baridi, aliyewaza mwanamke anayenyamaza na bado akasikika.

"Zamani nikiletewa karatasi ya mahakama ya mume wangu, karani ananisomea," alisema. "Nilikuwa nategemea mdomo wake. Sasa anisomee tena nimwone."

Ndipo habari ikafika kwamba *Ndege wa Chumvi* imetengenezwa filamu, na kwamba nchi ile rafiki imeileta kama zawadi. Ingeonyeshwa kwenye jumba la sinema la Raha Tupu, nyuma ya soko.

Ilikuwa na tatizo moja dogo. Filamu ilikuwa katika lugha ya kwao, haina maandishi ya Kiswahili chini. Mzee Mbaruku, meneja wa sinema, alitafuta mfasiri wa kukaa pembeni ya pazia na kipaza sauti. Pantaleo, ambaye aliwahi kumtengenezea redio mhandisi mmoja wa nchi ile, alijitokeza akasema lugha hiyo anaijua.

Alijua maneno matatu. Asante, moto, kesho.

"Utaweza kweli?" Selina alimuuliza kwenye simu, safari hii bila mzaha. "Nataka kuwaleta darasa zima, Panta. Hawajawahi kuingia sinema. Wana wasiwasi wenye filamu watabadilisha kitabu."

"Hawabadilishi. Nakuahidi, kipenzi. Neno kwa neno."

"Unaahidi kama fundi au kama nani?"

"Kama mtu anayetaka kuja kwenu na barua."

Kisha sauti ya kiofisi ikasema, "Maombi yako yatajibiwa baada ya filamu," na kwa mara ya kwanza sauti ya kiofisi ilitetemeka.

Siku moja kabla ya onyesho, mchana, Onesphory mwendesha mashine aliujaribu mkanda, na Pantaleo akakaa peke yake katika viti mia tatu. Alipomwona ndege akiinuka kutoka ziwani, alisimama bila kujua. Hata yeye mwenyewe hakuwa amemchora vile kichwani mwake. Chumvi ilikuwa inamdondoka manyoyani kama vioo vinavyovunjika, shingo ikapanda, ikazidi kupanda, na bado mabawa hayajafunguka. Yelka alifungua kinywa. Pale spika zikazimika ghafla. Pantaleo, fundi redio, akakimbilia nyuma ya pazia kukagua waya. Alipokuwa bado anapapasa soketi, sauti ikarudi, akajipongeza.

Kisha ukaja mwisho. Katika kitabu Yelka hupoteza sauti milele. Katika filamu ndege alirudi, akamrudishia sauti yake, na Yelka akasimama katikati ya harusi akaimba kwa dakika sita, maua yakimwagwa. Aliyecheza Yelka alikuwa mwimbaji maarufu kwao, na bila shaka haikuwezekana alipwe kwa kunyamaza.

Pantaleo alikaa na kitana mkononi. Alimfikiria Zamda na kidole chake kwenye mstari. Alifikiria ahadi yake. Akafanya uamuzi ambao aliuona wa upendo mkubwa.

Jumamosi kina mama ishirini na wawili waliingia Raha Tupu wamevaa kanga mpya, wameshikana mikono kwa jozi. Bi Kijakazi aligusa velveti ya kiti kabla ya kukaa. Selina alikuwa na gauni jeupe la madoa mekundu na hereni za duara, na Mzee Mbaruku mwenyewe alimfungulia mlango.

Taa zilizimwa. Pantaleo akaanza, na kwa saa moja alikuwa mfasiri bora katika Afrika Mashariki nzima. Aliyoyasema yote yalikuwa kitabuni, kwa hiyo kina mama waliyajua, wakawa wanamalizia sentensi pamoja naye kama watu wanaoitikia sala. Ndege alipoinuka, ukumbi mzima ulivuta pumzi mara moja. Zamda aliinamisha kichwa kukwepa bawa. Yelka akafungua kinywa, spika zikazimika kama jana, na Pantaleo, aliyejiandaa kwa hitilafu hiyo, akalijaza pengo kwa maneno matamu, mengi, ya haraka, mpaka sauti iliporudi.

Kisha harusi.

"Yelka amefungua kinywa," alisema kwenye kipaza sauti, "lakini hakuna sauti inayotoka."

Kutoka kwenye spika, mwanamke aliimba kwa nguvu hadi viti vikatetema.

Kicheko kilianzia kwenye viti vya bei ndogo. Zamda akasimama.

"Anaimba huyo. Mimi si kiziwi."

"Hiyo," Pantaleo alisema, jasho likimtiririka, "ni sauti ya upepo."

Ukumbi ulilipuka. Vijana wakapiga miluzi. "Wanakisomo hao," mmoja alisema kwa sauti kubwa, "wamesomeshwa upepo." Kina mama wakajifunika kanga vichwani. Selina alisimama, akamshika Bi Kijakazi mkono, wakatoka wote ishirini na watatu kwa mstari, mbele ya pazia, huku vivuli vyao vikipita juu ya maua ya harusi.

Pantaleo alimkuta nje, chini ya bango.

"Selina, nisikilize."

"Uliiona kabla?"

"Jana."

"Na lugha hii unaijua?"

Pantaleo alitikisa kichwa.

"Panta, mzaha wako naujua, nimeupenda. Ila leo umewafanyia watu wangu mzaha."

"Haikuwa mzaha. Niliogopa wataumia. Nilitaka wapate kitabu chao."

"Kitabu chao wanacho. Wanakisoma wenyewe." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimtisha zaidi. "Unajua kwa nini wanakuja darasani wamechoka, wananuka samaki, wanalaumiwa na waume zao? Wamechoka kuambiwa kilichoandikwa. Na wewe umekaa kwenye kipaza sauti ukawaambia wanachokiona. Karani wa mahakama na wewe mna tofauti gani?"

Akaondoka, akifuata kanga zake.

Siku kumi zilizofuata Pantaleo alipiga simu mara ishirini na mbili. Hesabu hiyo ni ya makarani, waliokuwa wakicheza bahati nasibu juu yake.

"Ofisi ya Usambazaji."

"Naomba Idara ya Msamaha."

"Namba hiyo inatumika."

"Nitasubiri."

"Hairuhusiwi kusubiri."

Siku ya kumi alipiga na kusema tu, "Selina, ni mimi," bila idara yoyote. Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Kisha laini ikakatwa, kwa upole.

Alitafakari upole huo mchana kutwa, akiwa na redio ya mtu imefunguliwa matumbo mezani. Mwishowe ilimjia kwamba amekuwa akimwomba msamaha mtu ambaye hakustahili kuwa wa kwanza kuombwa. Saa kumi jioni alivua raizoni, akavaa ndala, akaenda Mchikichini mfupi kama alivyoumbwa, akabisha hodi darasani.

Selina alikuwa ubaoni, amewapa mgongo. Chaki ilisimama, lakini hakugeuka.

"Shikamooni mama zangu," Pantaleo alisema.

Walioitikia walikuwa wachache.

"Sijui lugha ile. Nilidanganya kwa Mzee Mbaruku, nikadanganya kwa mwalimu wenu, kisha nikawadanganya ninyi. Yelka wa kwenye filamu anaimba. Nililijua hilo tangu siku moja kabla ya onyesho."

Zamda alikunja mikono yake mikubwa. Bi Kijakazi ndiye aliyeuliza.

"Kijana, ulipoiona peke yako, ulifanyaje?"

"Kwenye ndege nilisimama, bibi. Nililia kidogo. Kwenye harusi nilikasirika nikataka kupasua pazia."

"Ulikasirika?"

"Sana."

"Basi," Bi Kijakazi alisema, "na sisi tulitaka kukasirika."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Bi Kijakazi akaendelea, kama mtu anayepanga mafungu ya karanga.

"Mimi nataka kumwona tena yule ndege. Ila wewe usiseme."

Mzee Mbaruku alikubali onyesho la Jumapili saa nane mchana, kwa kuwa mkanda ulikuwa unaondoka Jumatatu kwenda Morogoro, na kwa kuwa Pantaleo aliahidi kumtengenezea redio tatu bila malipo. Kina mama walikuja wote. Vijana wa miluzi walikuja pia, wakitarajia upepo.

Kabla ya taa kuzimwa, Pantaleo alisimama kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Lugha ya filamu hii najua maneno matatu, asante, moto na kesho. Yakitajwa nitawaambia. Mengine tazameni wenyewe."

Akakaa. Kiti cha Selina, kando ya Bi Kijakazi, kilikuwa kitupu.

Filamu ikaanza. Dakika ya nane Miro alisema kitu kwa mfumaji, Pantaleo akainama kwenye kipaza sauti. "Asante." Ukumbi ukacheka, safari hii bila sumu. Baadaye mtu akapiga kelele kijijini. "Moto," alisema Pantaleo, ingawa moto wenyewe ulikuwa umejaa pazia zima. Kina mama walikuwa wakisimulizana wao kwa wao, wakikosoana, wakiwaeleza hata vijana wa viti vya bei ndogo. "Kitabuni huyu mzee ana jicho moja," Zamda alimwambia kijana aliyekuwa amewazomea. "Huyu ana mawili. Wamemwongeza." Kijana akauliza lile jingine lilipotelea wapi, akajibiwa kwa kirefu.

Ziwa likatokea. Jeupe lote, mpaka ukingo wa pazia na kupita. Pantaleo alisikia mtu akikaa kwenye ngazi karibu naye, akanusa sabuni anayoijua. Hakuthubutu kugeuka.

Ndege akainuka. Hata aliyekwisha kumwona mara mbili hakuwa tayari. Alipanda kama vile ziwa zima ndilo linalosimama, chumvi ikimwanguka, shingo ikiendelea kwenda juu mahali ambapo watu walidhani pazia limeishia, na jicho lake moja, kubwa kama mlango wa soko, likamtazama binti aliyekuwa majini hadi kiunoni. Yelka akafungua kinywa.

Spika zikazimika.

Pantaleo aliinuka nusu, mkono ukitafuta soketi, na mkono mwingine ukamkamata kifundo cha mkono. "Kaa," Selina alinong'ona.

Akakaa. Hapakuwa na sauti. Ya muziki haikuwapo, wala ya maji, wala ya upepo. Juu ya pazia midomo ya Yelka ilikuwa inasema, manyoya ya ndege yalikuwa yanasimama moja moja, mawingu yalikuwa yanakuja, na hakuna kilichosikika. Watu mia tatu wa Kariakoo, ambao hata misibani hawanyamazi, walinyamaza. Ukimya ule ulikaa juu yao muda mrefu mpaka mtu akaweza kusikia moyo wa jirani. Ulikuwa ule ule waliousoma kwa vidole, ukurasa wa mia mbili na kumi. Dunia ilinyamaza.

Kisha ndege akalia.

Ilikuwa sauti ya Yelka, ila kubwa kama mbingu. Mtoto fulani alianza kulia, na Bi Kijakazi akasema, si kwa mtu yeyote, "Amempa. Amempa kweli." Mzee Mbaruku, aliyeonyesha filamu miaka ishirini, alikuwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Mvua ikaanza kunyesha juu ya pazia, na wengi waliinua nyuso zao.

"Umesikia?" Selina aliuliza.

"Nimesikia." Pantaleo alimgeukia. "Nilidhani waya umekatika. Mara zote mbili. Siku ile nikaongea juu yake."

Selina alimtazama kwa mwanga wa mvua ile. Alijaribu kukaza uso wa kiofisi, ukamshinda, akaficha kicheko kwenye bega lake, kisha hakikuwa kicheko tena, na bega la Pantaleo likalowa.

Harusi ilipofika, kina mama walikasirika kwa raha zao. Walimzomea Yelka aliyekuwa akiimba, wakamwambia anyamaze, wakawaambia watengenezaji walioko huko kwenye baridi kwamba hawana adabu. Walitoka nje wakibishana. Zamda alisema mwisho umeharibiwa, mwingine akasema mwanamke naye ana haki ya kuimba siku ya harusi yake, na Bi Kijakazi akahukumu kwamba Yelka yule si wao, ila ndege ni wao, na asibishe mtu.

Pantaleo na Selina walibaki kwenye ngazi za ukumbi mtupu.

"Nikiogopa husema uongo," Pantaleo alisema. "Afadhali ulijue."

"Nalijua. Sasa hivi unaogopa?"

"Sana."

"Basi sema kitu cha kweli."

"Nataka kukuoa. Wala sijui baba yako atanionaje, mimi na urefu huu."

Selina alizitazama ndala za Pantaleo, akatabasamu. "Baba yuko Mbinga. Mshenga wako ni nani?"

"Mjomba Isidori."

"Andika barua, aipeleke. Ila kabla haijafungwa, naisoma mwenyewe."

Barua aliileta Jumatano ofisini Mchafukoge, karatasi tatu pande zote mbili. Humo alijitaja kuwa mtaalamu mkuu wa vyombo vya mawasiliano, mfasiri wa lugha za kigeni, na mwenye makazi yasiyo haba katika eneo la Mchikichini. Selina alichukua penseli. Makarani waliacha kazi wakamtazama. Simu ililia mara mbili akaiacha. Alikata, akakata, akaandika juu ya alipokata, na Pantaleo amesimama mbele ya meza kama mtoto anayesahihishiwa insha. Kisha akampa kalamu na karatasi safi, akamwambia anakili yaliyosalia.

Mistari ilikuwa minne.

*Mimi ni fundi redio. Nina chumba kimoja Mchikichini, na kinavuja upande wa dirisha. Nikiogopa husema uongo, na binti yenu analijua hilo. Naomba kumwoa.*

Mitatu ya kwanza ilikuwa kazi ya penseli. Wa nne ulikuwa umeandikwa hivyo hivyo tangu mwanzo, na Selina hakuugusa. Aliusoma mara mbili, akaupuliza wino ukauke, kisha akainua mkono wa simu, akamtazama Pantaleo, akasema kwa sauti ya kiofisi, "Maombi yako yamekubaliwa."